Pai ya Ijumaa na Jina la Mkwe

Clifford Haslam, Mwingereza wa mjini Chorley, alikuwa bingwa wa kununa. Wengine hununa siku mbili wakachoka. Yeye alinuna kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Alikuwa fundi wa mabasi mpaka alipostaafu, na karakana nzima ilijua kwamba ukimkosea Clifford, spana unayoomba utapewa, lakini neno hupati.

Mkwewe ndiye aliyeonja kununa kwenyewe. Alikuwa Mnorwe, fundi wa meli, akamwoa Janine, mtoto wa pekee wa Clifford, akahamia naye kwao, Bergen. Majira ya baridi yaliyofuata, Norma, mama yake Janine, akafariki. Theluji ilifunga viwanja vya ndege, na wawili hao wakafika mama ameshazikwa, watu wako kwenye chai ya matanga. Mkwe akanyoosha mkono. Clifford akautazama ule mkono, sahani yake ya pai kifuani, akasema mbele ya kadamnasi, "Jina lako nisilisikie humu ndani."

Janine, ambaye mdomo na kununa alivirithi kwa baba yake, akamjibu kwamba hatalisikia kamwe, na simu hatapigiwa. Akabadilisha namba. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulivunja nyumba. Jina lenyewe Clifford alikuwa amelisikia mara mbili tatu tu, la kigeni, akaliacha lipite. Yeye alimwita "yule wa meli", ikatosha.

Miaka ikapita. Kilichowarudisha pamoja ni mchezo wa mtandaoni, wa kulima na kufuga, ambamo watu hujenga shamba moja na kuongea huku wakicheza. Janine aliucheza tangu usichana wake. Clifford, mgane aliyebaki na kuta na kompyuta kuukuu ya binti yake, alijiunga kwa jina la uongo na kuanza kujenga ua kando ya shamba la Janine bila kusema neno. Binti alimtambua siku hiyohiyo.

"Hakuna mwingine duniani anayenyoosha ua namna hiyo," alisema. "Karibu, baba."

Clifford aliinuka akaenda kupenga kamasi, akarudi kusema kwamba ana mafua.

Lakini sharti lilibaki palepale: mume hatajwi. Waliongea mbegu, kondoo, mvua, na pai. Kila Ijumaa, siku ambayo Wakatoliki wa kwao hawagusi nyama, walipika pai ya siagi aliyokuwa akipika Norma: viazi, vitunguu, siagi, na pilipili manga ya kutosha, vyote ndani ya ganda la unga. Kila mtu jikoni kwake, kompyuta mezani, sauti wameifungulia spika kwa sababu mikono imejaa unga. Mkono mmoja unasukuma unga, mwingine unafukuza mbwa mwitu wasile kondoo.

Ijumaa moja mchana walikuwa katika shughuli hiyo, pamoja na Marivonn, mwanamke wa Ufaransa aliyekuwa na hisa katika shamba lao. Marivonn hakuwa na kipaza sauti. Aliwasikia, lakini yeye aliandika tu, na maneno yake yalijitokeza chini ya skrini.

"Nasikia kisu chako," Clifford alimwambia binti yake. "Unakata viazi vinene."

"Ala! Siku hizi unasikia mpaka unene wa viazi?"

"Kisu cha mama yako kilikuwa hakisikiki."

"Mama hakuwa na mzee wa kumnanga jikoni kila Ijumaa."

Marivonn akaandika: "Babu, muache mtoto. Njoo uone kondoo wako walivyo wajinga."

Pai zikaingia oveni, ya Chorley kwanza, kisha ya Bergen. Janine alikuwa na kisukari tangu utotoni, na ilimbidi ajichome sindano ya insulini kabla ya kula.

"Nimeshajichoma," alisema. "Njaa inaniuma, baba. Ngoja nimege mkate."

"Mkate! Pai ya mama yako iko motoni, wewe unakula mkate?"

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba ya Norma, na wote waliokulia humo waliishika kuliko amri za kanisa: pai ikiwa motoni, hakuna kudokoa. Mwenye kujishibisha kabla amemtukana mpishi. Janine alicheka.

"Haya. Lakini ikichelewa nitakula hata meza."

Ndipo mbwa mwitu walipovamia, kundi zima, na lango lilikuwa wazi. "Janine, usiondoke!" Clifford alipiga kelele. "Shika lango! Piga huyo! Upande wako!" Binti alibaki, akapiga, akacheka, na muda ukaenda.

"Baba," alisema baadaye, "pai nimeipaka yai?"

"Umepaka. Si iko ndani ya oveni?"

"Ahaa." Akafunga lango. "Baba, pai nimeipaka yai?"

Clifford aliacha kucheza. Sauti ile nzito, ya mtu kama amelewa, aliijua. Norma ndiye aliyekuwa akiisikia upesi akakimbia na kikombe cha maji ya sukari.

"Janine. Kula sukari. Sasa hivi."

"Kondoo wako bafuni," alisema Janine, akacheka peke yake. Kisha kiti kikaburuzika, sufuria ikaanguka, na kitu kizito kikaanguka baada yake.

"Janine! Janine, mwanangu!"

Kengele ya oveni ya Bergen ikaanza kulia. Ililia, ikalia, na hakuna aliyeizima. Kwenye skrini, kijimtu cha Janine kilisimama langoni, mikono chini.

Clifford alishika simu, akaiweka. Angewaambia nini watu wa ambulensi? Mtaa gani? Nyumba namba ngapi? Alichojua juu ya makazi ya mwanawe ni kwamba ni nyumba ya mbao na mvua haikatiki. Alijua pia kwamba yule wa meli yuko ghorofani amelala, kwa kuwa Janine alishadokeza kwamba juu kuna mtu anayefanya kazi usiku.

"Wewe!" alipiga kelele. "Bwana! Amka! Amka, mke wako kaanguka!"

Akasikia kitanda kikilia kule juu. Kisha kimya. Mtu yule alikuwa amezoea. Kila Ijumaa kompyuta ile ilipiga kelele za amka, kimbia, piga, wanakufa. Ijumaa ngapi alikuwa amelala katikati ya vita vya kondoo? Clifford aliita mpaka sauti ikakwaruza. Alijua fika ni neno gani lingemtoa mtu yule kitandani, na neno hilo hakuwa nalo.

Akaandika kwa vidole vyenye unga: "Mume wa Janine anaitwa nani?"

"Hujui, babu?" aliandika Marivonn. "Si mkweo?"

"Silijui. Tafadhali."

Maneno yalichelewa kidogo tu, lakini Clifford aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Mwanamke wa Ufaransa, ambaye Clifford hajawahi kumwona hata sura, alikuwa anamjua mkwe wake kuliko yeye.

"Eivind," aliandika Marivonn.

"Eivind!" Clifford aliita. "Eivind! Eivind! Shuka! Eivind!"

Miguu ikagonga sakafu kule juu. Ngazi zikatetema. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, na sauti ya mwanamume ikasema neno moja la kwao, la kuogopa.

"Sukari yake imeshuka," Clifford alisema. "Kajichoma sindano na hajala. Nilimwambia asile. Mimi ndiye nilimwambia."

Droo ilivutwa, vijiko vikamwagika, kopo la sukari likafunguliwa. Kwa muda hakusikia ila pumzi za mwanamume na kengele ya oveni. Jikoni kwake moshi ulikuwa unatoka kwenye mlango wa oveni, naye hakuinuka. Alishika meza kwa mikono miwili. Hakuna alichoweza kufanya zaidi ya kushika meza.

Kisha kengele ikazimwa. Akasikia mtu akikohoa, na ile sauti aliyoipenda kuliko zote, dhaifu, yenye kukereka.

"Mbona umeamka? Nani kakuamsha?"

"Baba yako," alisema Eivind. "Kaniita."

"Kakuita vipi?"

"Kwa jina langu. Kaniita kwa jina."

"Muongo we," alisema Janine.

"Kweli! Muulize, yupo hapo."

"Muongo. Baba? Alisema hataki hata kulisikia."

Clifford alifungua mdomo. Lakini hakuwahi. Mchezo ule humtoa nje mtu yeyote aliyekaa muda bila kugusa kitu, na sauti yake hukatika papo hapo. Kijimtu cha Janine kikatoweka langoni. Chini ya skrini kukaandikwa: Janine ametoka.

"Si muongo," Clifford aliiambia kompyuta. "Janine, hajasema uongo. Nimemwita mwenyewe."