Bibi kapotea sebuleni kwetu

Jamani, leo bibi yetu kapotea akiwa sebuleni kwetu!

Katoka Mwanhuzi na basi la asubuhi, kaja Bariadi kutuona tu.
Mimi nilikuwa jikoni napika. Wadogo zangu watatu walibaki naye, kila mtu na simu yake.

Natoka, nauliza, "Bibi yuko wapi?"
Hakuna hata aliyeinua kichwa.

Mara mdogo wangu Neema akapiga kelele, "Huyu hapa!"
Kamwona kwenye stetasi ya jirani! Anamenya karanga, anacheka.

Nikamfuata.
"Niache kwanza, mjukuu wangu. Huku naongea na watu."

Nikahamishia wali kwa jirani, tukala huko.

Sasa hivi kwenye grupu la familia wadogo zangu wananiuliza chakula kiko wapi.

Hebu niambieni, niwajibu nini hawa?