Maji Uvunguni mwa Nyumba ya Mzee Braswell

Vernell Stancil, mpishi wa shule katika mji mdogo wa Karolina Kaskazini, aliipenda nyumba ya mzee Braswell kabla hata hajashuka garini, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Ukimchekea muuzaji meno yote nje, umekwisha. Lakini baraza lile lenye bembea! Jiko lenye dirisha! Maisha yake yote alikuwa mpangaji wa vyumba vinavyonuka ukungu, na binti yake Renita alikohoa mvua zikizidi, kifua kikipiga filimbi. Vernell aliogopa kununua nyumba ya kwanza maishani mwake, kumbe ananunua maradhi ya mtoto.

Basi kaka yake, Rufus, alifungua kimlango cha uvunguni mwa nyumba, ile nafasi finyu kati ya sakafu na ardhi, akachungulia, akaziba pua.

"Dada, hii si nyumba. Hiki ni kisima chenye paa."

"Nyamaza, mzee yuko barazani, anakusikia."

"Asikie! Anakuuzia mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi mwenyewe kalowa."

Vernell alinyong'onyea. Mwingine angeaga akaenda zake, lakini huyu ni mbishi tangu kuzaliwa. Alivaa ovaroli, akashika tochi na bisibisi, akaingia kwa kutambaa. Upande wa nyuma palikuwa pakavu. Mbele, maji yalituama. Alichoma mbao za sakafu kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, kutafuta zilizooza, zote zikagoma. Alhamdulillahi, ningesema mimi. Yeye alisema asante Yesu. Ugonjwa ulikuwepo ila haujafika mifupani. Ndipo akaona kwamba matundu ya hewa ya ukuta wa mbele hayakupitisha hata chembe ya mwanga.

Alitoka akaenda moja kwa moja kwenye maua ya azalia yaliyopandwa kando ya ukuta. Kama majirani wote wa huko, marehemu Bi Eudora, mke wa mzee, kila mwaka alitandaza majani makavu ya misonobari kulinda mizizi ya maua, juu ya yale ya zamani, mpaka kitalu kikayapita matundu kwa kimo. Mvua ikinyesha, maji huteremkia ndani.

"Mzee Braswell, ulijua?"

Mzee alivua kofia. "Nilijua, binti yangu. Niliambiwa nichimbue. Lakini maua yake ndiyo niliyobaki nayo. Nilishindwa kuyatia jembe."

Vernell alikuwa amejiandaa kufoka, akajikuta anamhurumia.

"Hatuyaui. Tunayahamishia kule kwenye uzio. Ila sitii sahihi mpaka mvua inyeshe nione kwa macho yangu."

"Na isiponyesha?" Rufus akauliza.

"Nitangoja. Sijaanza leo kungoja."

Wakachimba wote watatu, mzee akibeba kila shina mwenyewe kwa mikono miwili. Udongo ukashushwa, matundu yakapumua. Majuma yakapita bila tone, uvungu ukakauka. Kisha ikaja mvua ya kutwa nzima, ile ya kufanya mitaro ifurike.

Asubuhi yake Vernell akatambaa tena ndani. Rufus akasubiri nje, akachoka kusubiri.

"Dada! Umezama?"

Akajibiwa kwa chafya. Halafu nyingine. Vernell akatokeza kichwa, mwekundu kwa udongo mkavu mpaka kwenye nyusi, machozi yakimchora mistari usoni, naye anacheka.

"Vumbi, Rufus! Nyumba yangu imejaa vumbi!"