Nilifuta Kiini cha Kompyuta, Mwangi Akalala Seli

Niliiharibu mimi. Naanza hapo ili mtu asiseme nazunguka. Kompyuta ya chama chetu cha ushirika hapa Eldoret, ile iliyokuwa ikitoa malipo ya wakulima wa mahindi na maziwa, niliilaza kwa mikono yangu, mchana, nikiwa na akili timamu.

Ilikuwa ile miaka ya chama kimoja cha siasa. Wa umri wangu mnakumbuka jinsi neno "hujuma" lilivyokuwa mdomoni mwa kila mkubwa. Trekta likikwama ni hujuma. Bei ikishuka ni hujuma. Mtu aliyesema "nimekosea" alionekana mjinga.

Chumba cha kompyuta tulikuwa wawili, mimi na Mwangi. Tulisomea Nairobi darasa moja, tukaajiriwa pamoja. Yeye alizaliwa Nyeri, akaja huku na mke wake wakapanga nyumba Langas. Mimi ni wa hapa hapa, kwetu ni upande wa Soy, na kazi nilitafutiwa na meneja wa ushirika, rafiki wa baba yangu. Sifichi hilo pia.

Jumatatu moja tuliletewa disketi za mfumo mpya kutoka Nairobi. Meneja alitaka uwekwe kabla ya Jumatano, kwa sababu wakubwa wa wilaya walikuwa wanakuja kuonyeshwa mashine. Mwangi alikuwa ametumwa Soy kutengeneza printa. Asubuhi kabla hajaondoka aliniambia, "Ningoje nirudi, tuiweke pamoja."

Sikungoja. Nilitaka wakubwa waambiwe kwamba ni mimi niliyeiweka.

Wacha nikueleze nilichofanya, maana kosa lenyewe liko hapo. Kila mfumo una kiini chake. Ndicho kinachoamka kwanza ukiwasha mashine, kikatambua diski, kibodi na printa, halafu ndipo programu zingine zinafuata. Ukileta kiini kipya, hufuti cha zamani. Unakipa jina lingine, unakiweka kando, ili kipya kikigoma uwe na pa kurudi. Nilifundishwa hivyo. Lakini diski yetu ilikuwa imejaa, na kutafuta nafasi kungenichelewesha. Nikafuta cha zamani, nikaweka kipya, nikazima mashine, nikawasha.

Feni ilivuma. Skrini iliandika mistari michache, halafu ikaniambia haioni diski. Ikaganda hapo.

Nilizima nikawasha tena. Nikasema labda ni umeme, nikaangalia kile kifaa cha kutuliza stima, kiko sawa. Nikafungua mashine, nikachomoa waya za diski na kuzirudisha. Bado. Nikatumia disketi ya dharura tuliyopewa na waliotuuzia mashine. Ikaamka vizuri, lakini nayo ikasema haioni diski.

Nilipoweka sikio nikasikia diski inazunguka. Basi haijafa. Hapo ndipo nilipokumbuka: diski yetu haikuwa ile ya kiwandani. Ya kwanza iliungua, na fundi mmoja Mhindi akatuwekea ya kampuni nyingine, kisha akatengeneza kiini maalum cha kuitambua. Kiini kipya hakikuijua. Disketi ya dharura haikuijua. Kilichoijua ni kile nilichofuta.

Meneja aliingia nikiwa nimekaa sakafuni katikati ya waya.

"Imekuwaje?"

"Imekataa kuamka, Mzee. Nilikuwa naweka..."

Aliinua mkono. "Jumamosi ni nani alikuwa zamu?"

"Mwangi. Lakini Jumamosi ilikuwa inafanya kazi."

"Sijakuuliza hiyo." Alifunga mlango. "Sikiliza, msichana wangu. Wageni wanakuja, wakulima wako getini wanangoja pesa, na mimi lazima niwape jina. Wewe ni mtoto wetu. Huyo ni mtu wa kuja, na tayari kuna watu wamelalamika juu ya mdomo wake. Nyamaza. Haya mambo yataisha."

Na mimi nikanyamaza. Hakunipiga, hakunitisha. Nilinyamaza kwa sababu ilinifaa.

Mwangi alirudi kutoka Soy alasiri, bado ameshika mkoba wa vyombo. Makachero wawili waliovaa makoti walikuwa wanamngoja kwenye korido. Alipopita mlangoni aliniangalia na kuuliza, "Kwani imeharibika?" Nikajibu, "Ndiyo." Wakaenda naye.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mke wake kwenye geti la ushirika, ameshika kikapu chenye chakula. Polisi walikuwa wamekataa kumruhusu amwone mume wake. Tulijuana. Nilishakula kwake Langas mara nyingi.

"Mnafanya kazi chumba kimoja," aliniambia. "Niambie tu alifanya nini, nijue nitawaombaje."

Nilimwambia sijui.

Aliniangalia kidogo, akashukuru, akakaa kando ya ukuta na kikapu chake. Alishukuru. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, si kazi niliyopoteza.

Niliingia ndani nikashindwa kukaa. Nilijua mahali pengine ambapo yule fundi alikuwa ameweka diski kama yetu: kiwanda kimoja cha mbao, njia ya Burnt Forest. Nikatoka bila kuomba ruhusa. Getini, kati ya wakulima waliokuwa wanangoja, kulikuwa na mzee mwenye pikapu aliyekuwa amekata tamaa na anarudi kwake upande huo. Nikamwomba lifti.

Njiani alianza mazungumzo. "Nasikia kuna Mkikuyu ameharibu hiyo mashine makusudi, tusilipwe."

"Si yeye, Mzee."

"Ni nani basi?"

Sijui kilichonifungua mdomo. "Ni mimi. Na haikuwa makusudi. Nilikuwa na haraka."

Alipunguza mwendo mpaka nikafikiri atanishusha. Halafu akasema, "Sasa mbona unaniambia mimi? Mimi ndiye nimemfunga?"

Aliniacha mbele ya kiwanda, akaenda zake.

Karani wa pale hakunisumbua. Mashine yao ilikuwa ndugu ya yetu. Nikatengeneza disketi ya kuamshia yenye kiini chao, nikarudi Eldoret na lori la mbao nikiwa nimeikumbatia kama yai. Niliiingiza, nikawasha. Feni, mistari, halafu diski ikaonekana. Kila mkulima alikuwa humo, na kila kilo. Nikanakili kiini kile kwenye diski, nikatoa disketi, nikazima na kuwasha tena. Ikaamka yenyewe.

Niliomba kumwona meneja jioni hiyo nimwambie amtoe Mwangi. Alifurahi sana kuhusu mashine. Kuhusu Mwangi alisema, "Hiyo sasa ni kazi ya serikali."

Jumatano wageni walikuja na magari yao. Wakulima waliruhusiwa ndani ya ukumbi. Meneja alisimama akawaambia kwamba adui wa maendeleo alikuwa amejaribu kuhujumu ushirika, lakini vijana wazalendo walikuwa wamemshinda. Akaninyooshea mkono nisimame nipigiwe makofi.

Nilisimama.

"Mashine haikuhujumiwa," nikasema. "Niliiharibu mimi Jumatatu nikiweka mfumo mpya. Nilifuta kitu ambacho sikupaswa kufuta. Mwangi hakuwa hata mjini, alikuwa Soy, ametumwa na meneja mwenyewe. Meneja alijua."

"Keti chini," meneja alisema.

"Nitaketi Mwangi akitoka."

Mkubwa mmoja wa wilaya alimgeukia meneja akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli huyo mtu alikuwa Soy. Meneja alianza kueleza, na kueleza kwake kulikuwa kurefu mno. Sikungoja amalize. Nilitoka nikatembea kwa miguu mpaka kituo cha polisi, nikarudia maneno yale yale mbele ya mkuu wa kituo.

"Unajua unachojiletea?" aliniuliza.

"Najua. Andika."

Niliwekwa benchi, kisha seli, nikatolewa kesho yake bila kushtakiwa. Mwangi walikuwa wamemwachilia jioni ya Jumatano.

Kazi yangu ilikwisha Jumatano hiyo hiyo. Hakuna ofisi ya Eldoret iliyonichukua tena, na nilikuwa mmoja wa wachache mjini waliojua kazi ile. Baba aliniambia nimemvua nguo mbele ya rafiki yake na watu wake. Nilimjibu kwamba rafiki yake alijivua mwenyewe. Tulikaa muda mrefu bila kusalimiana. Niliishia kulima viazi na kufundisha wasichana kupiga taipu. Wako wanaoniita msaliti hadi leo, kwamba niliwauza watu wetu kwa ajili ya mgeni. Waendelee. Kwa kusimama pale ukumbini siombi msamaha kwa mtu yeyote, na nikirudishwa nitasimama tena.

Ninachotubu ni kile kilichotangulia. Nilikwenda Langas kumwomba Mwangi radhi, nikawakuta wanafunga vyombo, wanahamia Nakuru. Mke wake hakutoka nje. Mwangi alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kamba ya godoro.

"Asante kwa kusema," aliniambia. "Lakini nilipokuuliza pale mlangoni, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akaendelea kufunga godoro. Sijamwona tena.

Basi wewe unayesoma, na hasa kijana unayeshika mashine za watu: usifute cha zamani kabla kipya hakijaamka. Mkubwa akikuharakisha, acha akasirike. Na ukiharibu, sema hapo hapo, kabla hajatafutwa mtu wa kuvishwa kosa lako. Usidanganyike kwamba kimya kitakuokoa. Mimi nilinyamaza, na kazi bado ikaenda. Ningesema Jumatatu, ningefukuzwa vile vile, na Mwangi angelala kwake.