Kitambaa cha Amplifaya

Juzi nimemkuta kuku wangu anaatamia ndani ya amplifaya ya kaka. Niliingia stoo kutafuta jembe, nisilipate, maana mimi na jembe tuliachana kwa wema siku nyingi. Kumbe mama kuku kajikunyata palepale zilipokuwa valvu, juu ya mayai saba, anayapatia joto mahali ambapo utotoni niliambiwa pasipate joto hata kidogo. Nikacheka peke yangu. Halafu, ndugu yangu, nikakaa juu ya gunia la mahindi, jembe nikalisahau.

Wewe wa siku hizi valvu huzijui. Ni vichupa vya kioo, vikiwaka vina rangi ya kaa linalotaka kuzimika, na bila hivyo gita la umeme ni ubao wenye nyuzi. Vinapata moto wa kuchomea muhindi, naapa. "Hiki kitu kinapumua kwa mgongo," kaka alizoea kusema. Basi mgongo wa lile sanduku la amplifaya ulikaa wazi, mbali na ukuta, na nyuma yake alikaa mtu na ungo, anapepea. Mtu huyo ni mimi. Wenzangu pale kijijini Nyarero waliota uuguzi na ualimu. Mimi cheo changu cha kwanza na cha mwisho nje ya nyumba kilikuwa hicho, mpepea sanduku.

Tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi asubuhi. Bendi ya kijiji ilikuwa kaka kwenye gita, jirani yetu kwenye besi, na fundi cherehani kwenye ngoma. Jenereta waliazima misheni. Amplifaya ilitoka kwa bibi, aliyetulea: alimtoa mtamba wake kwa mfanyabiashara mmoja wa Tarime mjini. Jioni, watu wakitoka shamba la kijiji, mazoezi yalianza uani. Harufu ya vumbi linaloungua juu ya kioo ilichanganyika na moshi wa jikoni, na bibi alisonga ugali wa muhogo akifuata mdundo.

Bibi huyohuyo alikuwa na sheria yake: kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ilivaa kitambaa. Mtungi ulivaa kitambaa. Hata picha ya marehemu babu ilivaa, tukawa tunamfunua wageni wakija. Kwa hiyo mwalimu wa kazi za mikono aliponifundisha kudarizi, nilijua nitakachokivisha. Nilidarizi majogoo wawili na maneno KARIBUNI WAGENI, nikakipiga wanga wa muhogo mpaka kikawa kinasimama chenyewe kama karatasi.

Wageni wenyewe walitoka wilayani. Walikuwa wanapita vijijini kusikiliza bendi, na itakayowapendeza ingepelekwa Musoma. "Mdogo wangu," kaka aliniambia asubuhi ile akikaza nyuzi, "nikifika Musoma sirudi kupalilia pamba." Mbuzi alichinjwa, uwanja mzima ukanukia kichuri, ule mchuzi wetu wa utumbo uliotiwa nyongo.

Nikalitazama sanduku letu mbele ya wakubwa, matumbo nje, vumbi tele. Niliona aibu. Kaka alipokwenda kuwaamkia wageni nikalivisha, juu na mgongo, nikakivuta kitambaa kikanyooka vizuri. Na kilichofunikwa utakipepea vipi? Nikaweka ungo chini, nikaenda kujibanza mbele katikati ya watoto, kaka asinione, niwaone wageni wakiwaona majogoo wangu.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Mgeni mmoja akakionyesha kitambaa kwa kidole, akatabasamu. Sijawahi kufurahi vile tena. Wimbo wa pili gita likaanza kukoroma, ikaja harufu kama ya sare iliyosahauliwa chini ya pasi ya mkaa, kichupa kimoja kikalia "pa!", kimya. Kaka aliendelea kupiga, nyuzi zinalia kama nzi.

"Mura, kijana wetu, gita limeshiba kichuri?" mtu akapaza sauti, uwanja ukacheka. Wageni walipiga makofi ya adabu, wakapanda Landrova.

Nilifika mimi wa kwanza. Nikakivuta kitambaa, nikakificha ndani ya gauni.

"Ulikuwa unapepea?" kaka akaniuliza.

"Nilikuwa napepea."

Akamgeukia jirani. "Basi ni wewe na besi lako! Nilikwambia usipandishe sauti!"

"Mimi? Sanduku lenu bovu, mura, usinitafute!"

Walishikana mashati mbele ya kijiji kizima. Jirani yule amekufa hajawahi tena kusalimia nyumba yetu, na mimi nilikuwa nimesimama pale, tumbo limetuna kwa kitambaa. Bibi alilitazama lile tumbo. Kisha akaenda kuuokota ungo.

Valvu zingetoka wapi, wakati hata sabuni ilikuwa ya foleni? Kaka akashika njia ya Sirari, avuke mpaka kwenda Kenya akazitafute. "Narudi Jumamosi." Mara mpaka ukafungwa, na hicho kikawa kisingizio chetu kwa miaka. Lakini wewe unaijua Tarime. Ng'ombe walivuka, sukari ilivuka, hadi maharusi walivuka. Mtu mwenye vichupa viwili mfukoni ndiye ashindwe? Kila Jumamosi bibi alilifuta sanduku vumbi, mpaka akafa.

Barua ilikuja baada ya mazishi. Kaka alitoa pole, akasema anafanya kazi ya kusaga unga. Chini kabisa akaandika: "Kitambaa chako kilikuwa kizuri. Niliiona alama ya kuungua siku kilipoanikwa kwenye kamba, kabla sijaondoka."

Sikujibu. Nilikuwa nimefika kidato cha nne, maneno ninayo, sikujibu. Sasa bibi hayupo, bendi haipo, jenereta sijui iliishia wapi, na vijana wana spika ndogo kama kopo inayopiga kutwa bila kupepewa. Televisheni yangu haina kitambaa. Wageni wakiona vumbi lake wananiita mvivu, nami nawaachia, maana hilo nalo ni kweli.

Kuku sijamfukuza. Jana mchana stoo ilikuwa na joto kali, nikajikuta nimechuchumaa nyuma ya sanduku, ungo mkononi, nampepea.