Jiwe la Kona za Chimala

Barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona hamsini na saba, na wenyeji huiita kwa hesabu hiyo. Majuzi niliipanda baada ya mvua, ndani ya Land Cruiser ya abiria ya kawaida, isiyoongezwa chochote cha kupandia milima. Kwenye kiti kilicho nyuma ya dereva aliketi mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Mumewe, mzee wa rika langu, alikataa kupanda. Alitembea kando ya gurudumu la nyuma amekumbatia jiwe, na kila mara gari liliposimama konani alilikinga gurudumu kwa jiwe hilo. Aliogopa gari likirudi nyuma kwa kishindo, nyuzi za kidonda zitaachia.

“Mzee, panda bwana! Breki ninazo,” dereva alimwambia.

“Breki ni zako. Mke ni wangu.”

Tulicheka, yeye hakucheka. Dereva akakanyaga mafuta, gari likaanza kumwacha. Mama akamgusa dereva bega.

“Polepole, mwanangu.”

“Kidonda kinauma, mama?”

“Kidonda kimetulia. Naogopea magoti ya mzee wangu.”

Mlima wote uliobaki tuliupanda kwa mwendo wa magoti yale. Tulichelewa sana kufika Matamba, na sikusikia abiria hata mmoja akiuliza saa.