Mistari ya Kilo Ilikuwa Inatupwa

Wakati ya vita, foni, ile radio ya kuitana ya kanisa yetu hapa Bunia, iliacha kusema na mudomo. Watu wa bunduki walikuwa wanasikiliza sauti, kesho yake wanajua nani iko wapi. Basi kazi ikaachiwa ordinatere, ile kompyuta. Kila poste, kila kituo ya kanisa, ilikuwa na radio, pano ya jua ya kuleta umeme na ordinatere moja, na ile masini yenyewe ilikuwa inatuma Bunia mistari mifupi, bila mutu kuandika: nimewashwa, bateri inapunguka, nimefungwa. Poste yenye kutuma mistari iko na mutu. Poste yenye kunyamaza, kila mutu alijua maana yake.

Poste ya Kilo ilikuwa ya binti yangu. Mimi nilikuwa napikia watu wa ofisi ya ile radio, mutaa Mudzipela. Sikusoma sana, lakini neno Kilo kwenye ecran, kioo ya ordinatere, niliitambua kutoka mulangoni, sufuria kwenye mukono. Nilikuwa naingia kuitafuta mbele ya kuwasha makaa, naingia tena baada ya chai. Tekinisiye, fundi wa masini mwenye kuniita koko, ni kusema bibi, alichoka na mimi.

"Koko, mistari haikimbie. Enda upike."

"Nitapika. Onyesha kwanza."

Kisha Kilo ikanyamaza. Wenye kutoka kule walisema mapigano imefika, nyumba zimechomwa, nani amekimbilia wapi hawajui. Nilirudi mbele ya ecran. Mahagi iko, Aru iko, Kilo hakuna.

Ndipo dada ya marehemu bwana yangu akaanza kazi yake. Ile miaka, matanga haikuwa inangojea maiti. Mutu akinyamaza, watu wanamulilia, asikae bila kuliliwa. Alitandika mukeka kwangu, akaita wamama wa kanisa, akawasha moto kwenye kiwanja. Mimi nilikataa kukaa chini. Nilikuwa nazunguka nyumba, napanga vikombe vyenye kupangwa, natoka mpaka barabarani, narudi, natoka tena.

"Muke ya kaka, kaa chini. Unatembea kama mutu anangojea pikipiki ya kumupeleka soko."

"Nangojea mutoto yangu."

"Mutoto yako Mungu amemuchukua. Leta huyu mutoto wake tumunyoe. Watu watasema hajui hata kulia mama yake."

Alikuwa na wembe ndani ya karatasi. Mujukuu yangu alikuwa nyuma yangu, ameshika kikwembe yangu na mikono mbili.

"Ukimugusa na hiyo wembe, nitanyoa weye wa kwanza," nikamuambia.

Wamama waliacha kuimba. Mumoja akacheka, akajifunika mudomo.

Lakini roho yangu ilikuwa inaenda upande ya ule mukeka. Nilisuka nywele ya mutoto, nikaifumua, nikaisuka tena. Mikono haikutaka kutulia.

Jua ya saa sita, tekinisiye akafika mbio na baiskeli yake, jasho inamwagika.

"Koko, kuja ofisi. Acha hawa."

Kwenye njia alinieleza. Wakati ya mvua, radi ilikuwa inaingiza takataka ndani ya radio, na ecran inajaa alama za bure. Basi alikuwa amefundisha masini yetu kutupa kila mustari yenye herufi masini haijui. Ecran ikawa safi, akafurahi. Lakini siku ile mbingu ilikuwa kavu, wingu hata moja hakuna, na masini ilikuwa inasema imetupa takataka tena. Na takataka ilikuwa inakuja kila saa, sawa kengele ya shule.

"Mvua gani hiyo inafuata saa?" aliniuliza, kama mimi ndiye nilifanya.

Alikuwa ameondoa ile amri. Vyote viingie vile viko, akasema, hata kama hatujui kusoma. Nikaangalia. Mwanzo ya mustari ilikuwa safi, saa na neno Kilo. Nyuma yake visanduku vidogo na alama za kuuliza, musururu.

"Inasema nini?"

"Sijui bado. Lakini inatoka kule."

Kumbe kila ordinatere iko na tablo yake, yenye kupatia kila herufi namba. Herufi kavu, zote zinapatana. Lakini zile za Kifaransa zenye kofia na mukwaju juu ya kichwa, masini moja inapatia namba hii, ingine ile. Masini ya Kilo haikuwa ile tulijua. Na mutoto yangu, kwa kiburi yake, aliwekea kila mustari neno opératrice, ni kusema mwanamuke wa masini. Ile é moja ilitosha mustari muzima utupwe.

Alijaribu tablo moja, takataka ikageuka takataka ingine. Akajaribu ingine. Nilikuwa nyuma ya kiti yake, nasimama, nainama, mpaka akaniomba nisimupumulie kwenye shingo. Kisha maneno ikatokea: *Opératrice. Mot de passe accepté.* Ile mot de passe, neno ya siri ya kufungulia masini, yeye na binti yangu tu ndio waliijua.

"Wanaweza kumushikia kisu aifungue," nikasema.

Nikashika mugongo ya kiti yake.

"Andika. Mama anasema funga, toka leo."

"Koko, tukifunga Kilo, watu wa kule hawana njia ya kuita musaada. Mukubwa ya ofisi ndiye anaamuru."

"Mukubwa ya ofisi hakumuzaa. Andika."

Aliandika, na herufi kavu tu. Tulingoja. Jua ikishuka, mustari ikaingia: *Opératrice. Arrêt normal.* Akasema ni kufungwa ya kawaida, masini ikipigwa ao ikikatwa umeme haiandike vile. Imefungwa na mukono, pole pole.

Nilirudi nyumbani, nikakunja mukeka, nikaambia wamama wanywe chai, waende.

"Na kama ni mutu mwingine alifunga?" wifi akauliza.

"Basi utarudi na wembe yako."

Kila asubuhi nilikuwa nasimama kwenye njia yenye wakimbizi wa Djugu, upande ya Kilo, walikuwa wanapitia, naangalia sura moja moja. Binti yangu akafika kwa miguu, miguu imevimba, na ordinatere ya zamani ya shule imefungwa ndani ya shuka juu ya kichwa. Ya poste ilikuwa imeungua. Hakunisalimia.

"Mama, ni weye uliandikisha?"

"Ni mimi."

"Watu walikuwa kwenye mulango yangu, wanangojea niwaitie gari. Nilifunga mbele ya macho yao."

Nilimutua muzigo. Alikasirika muda murefu, na mpaka leo, mutu akitaja Kilo kwa meza, anainuka na kutoka inje. Ningeandikisha tena, neno kwa neno.