Maua ya Karatasi kwenye Meza ya Papa

Afadhali niutaje ujinga wangu mwenyewe kabla kaka yangu Didi hajaniwahi: nilipokuwa na miaka kumi, niliipamba meza ya Krismasi kwa maua ya makaburini, kisha nikasimama pembeni nikingoja kusifiwa. Hadi leo, nikisikia harufu ya uji wa unga wa ngano uliochachuka, narudi moja kwa moja kwenye nyumba yetu ya Molenbeek, ghorofa ya tatu. Kopo la uji huo, ambao ndio uliokuwa gundi yangu, lilikaa juu ya chuma cha kupashia nyumba joto likinuka kama soksi za Didi. Tulikuwa hatujatimiza mwaka tangu tutoke Lubumbashi kumfuata papa, baba yetu, aliyetutangulia Brussels miaka mingi. Watoto wenzangu walishinda nje wakirushiana theluji. Mimi niliitazama kupitia kioo nikaona inatosha. Nilizaliwa mtu wa ndani, na baridi ya Ubelgiji ilinipa kisingizio tu.

Mwaka huo papa alilazwa katika hospitali kubwa ya Jette tangu mwezi wa kumi. Tuliambiwa ni vidonda vya tumbo. Kila Jumapili tulikwenda kumwona, na kila Jumapili pajama yake ilionekana imeongezeka upana, nami nikadhani hospitali hiyo inagawa nguo bila kupima watu. Maman alimwambia kwamba amenenepa kidogo. Papa alijibu kwamba supu yao si mbaya. Baada ya hapo tukabaki kusikiliza vigari vya chakula vikipita nje. Ndipo tukaambiwa kwamba daktari amemruhusu aje nyumbani kula chakula cha Krismasi. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: mgonjwa haruhusiwi kutoka, papa ameruhusiwa, basi papa amepona. Kilichobaki ni kumzuia asirudi kule. Niliamini kwa moyo wote kwamba meza ikipendeza vya kutosha, atakaa.

Shuleni walitufundisha kukata nyota na theluji za karatasi, lakini theluji ya bure ilikuwa dirishani. Mimi nilitaka maua. Na maua mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona katika mji huu yalikuwa yale ya mwanzo wa Novemba, yalipojaa ghafla mbele ya kila duka: manene, ya duara, meupe na ya zambarau, vyungu vimepangwa hadi njiani, na watu wazima wakivibeba kwa mikono miwili, wamevaa makoti yao mazuri. Nikajua hayo ndiyo maua ya sikukuu za Wabelgiji. Usilolijua ni usiku wa giza, nami nilitembea gizani humo kifua mbele. Nilichana karatasi laini za mikunjo vipande vyembamba, nikavizungusha kwenye vijiti vya mishikaki, nikabandika kwa uji, kisha nikavuta kila petali kwa mgongo wa mkasi mpaka ijipinde kuelekea ndani. Ua moja lilinimalizia jioni nzima. Rangi ya zambarau ililowana na uji ikanipanda hadi kwenye viwiko, na haikutoka kwa sabuni yoyote.

“Hizi ni maua ao ni mashu?” Didi aliuliza, akimaanisha kabichi.

Nilimwambia anyamaze, hajui mambo ya Ulaya. Maman alipita, akalishika moja, akasema limefanana kabisa na la kweli. Masikini, naye alikuwa mgeni kama mimi.

Siku yenyewe papa alifika mchana kwa teksi, akapanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua chache. Aliketi mbele ya maua yangu, akayatazama sana. Nikajua kazi yangu imemgusa. Kisha akaingia Maman Furaha, jirani wa mlango unaotazamana na wetu, mtu wa Bukavu ambaye kazi yake ilikuwa kutunza wazee wa Kibelgiji majumbani mwao. Alikuwa na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, mikononi, na nusura aiachie.

“Mungu wangu! Nani aliweka maua ya makaburi kwa meza? Hii ndiyo tunapelekeaka wafu kila mwezi wa kumi na moja, miye na wazee yangu!”

Maman alinyoosha mikono yote miwili kuyaondoa. Papa akamshika kiganja.

“Acha,” alisema. “Kumbe mu hii nyumba iko muntu moya anasemaka ukweli.” Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

“Bon, tukulye,” maman alisema. “Bukari inapola.”

Hakuna aliyegusa ugali huo. Papa alisema daktari alimweleza yote tangu mwezi wa kumi. Si vidonda vya tumbo, wala hatapona. Maman hakushtuka. “Najua,” alijibu. “Ni miye ninafulaka nguo zako.” Hivyo ndivyo nilivyofahamu kwamba wawili hao walikuwa wamefichana jambo moja, kila mmoja akimhurumia mwenzake, na mimi peke yangu ndiye niliyedanganyika kweli.

“Basi musikie wote,” papa aliendelea. “Musinirudishe kwetu mu sanduku. Munizike hapa, karibu na batoto. Maua iko tayari.”

Alicheka peke yake. Kisha akaniita nikae ubavuni pake, akataka kujua nilivyozipinda petali zile. Nilimwonyesha. Alijaribu mwenyewe kwa mkasi wangu, lakini karatasi ikachanika.

Alifariki kabla ya Pasaka. Matangani ndugu waliwaka, wakitaka mwili usafirishwe Lubumbashi, na maman aliwajibu kwa maneno yake papa hadi wakakubali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; papa alisalimika na aibu hiyo kwa sababu ya ujinga wangu. Lakini usidhani nilijivuna. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba ni mimi niliyeyaita mauti kwa mkasi, na sikugusa tena karatasi za rangi.

Sasa ni mtu mzima, nimemaliza sekondari, nayatofautisha maua, na bado naishi na maman kwenye nyumba ileile, maana kuhama kunahitaji kutoka nje. Meza ya Krismasi naipanga kwa leso za karatasi za dukani zilizochapwa nyota. Hazinuki, hazichafui mikono, na hazimwambii mtu chochote. Krismasi iliyopita maman alikuwa ameanza kulala kwenye kiti kwa sababu kulala chali kunamuuma, na kitenge chake kilikuwa kinamzunguka karibu mara mbili. Akasema ni hizi ngazi. Nikasema kweli, ngazi hizi ni mbaya, nikaendelea kukunja leso. Maman Furaha aliingia na sufuria yake, mvi zimemjaa, akamtazama maman kuanzia kichwani hadi miguuni, akanitazama mimi, na hata sauti hakuipunguza:

“Weye na mama yako, munangoja nani akufe tena ndiyo musemezane?”